Wimbo Alioniombea Tabitha

Jumanne, katikati ya Novemba. Thornton Heath.

Mvua ya leo si mvua na wala si ukavu. Imening'inia hewani tangu asubuhi. Mashati yangu mawili yako kwenye kamba ya uani na sijui kama niyatoe au niyaache. Nami niko hivyo hivyo. Huzuni nimeizoea, nimekaa nayo mwaka mzima. Hii ya leo ni kuchanganyikiwa, na sijui mtu hukaa nayo vipi.

Jumamosi hii mke wangu Tabitha anatimiza mwaka mmoja tangu atuache. Kanisa letu la Wakenya limetupa ukumbi mchana. Akina mama watapika, na Mchungaji ataongoza ibada fupi. Mimi aliniomba kitu kimoja tu, nichague wimbo aliopenda marehemu, upigwe kabla ya maombi. Nilimjibu pale pale bila kufikiri. Kila anayetujua anaujua wimbo wetu.

Sasa sijui kama ulikuwa wetu.

Nieleze tangu mwanzo, maana nikiandika huwa naelewa kidogo zaidi.

Mimi ni makanika. Zamani nilikuwa nikitengeneza mashine za kukaushia chai kiwandani Kericho, na hapa London nimetengeneza mabasi mpaka nilipostaafu. Injini mbovu naijua kwa kuisikia tu, hata iwe mbali. Muziki siujui. Mtu wa muziki alikuwa Tabitha, nesi, mzaliwa wa Njoro, na muziki wake ulikuwa kantri ya Marekani. Wasiotoka kwetu hushangaa wakisikia hivyo. Wanauliza watu wa milima ya Kenya wana nini na Wazungu wenye kofia kubwa. Sina jibu la maana. Redio iliupiga kila Jumapili, tukakua nao kama tulivyokua na chai ya maziwa. Wengine wetu tulidhani ni nyimbo za kanisa.

Nilimwona mara ya kwanza kwenye harusi ya binamu yangu huko Njoro. Alikuwa bado mwanafunzi wa unesi Nakuru. Nilisimama karibu na sufuria za pilau mchana kutwa, nimeshika sahani tupu, nikimwangalia akicheza na wenzake. Sikumwambia neno, jina lake tu ndilo nililomuuliza binamu. Jioni nikapanda lori nikarudi Kericho.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, kipindi cha salamu kilikuwa hewani. Kwa vijana wasiojua: siku hizo ukitaka kumsalimu mtu ulinunua kadi ya salamu, ukaandika jina lako na la unayemsalimu, ujumbe mfupi, na wimbo unaotaka upigwe. Kisha ukaituma kwa posta kwenye kituo cha redio, ukasubiri. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba za wafanyakazi, wanaume kumi na redio moja. Mtangazaji akasema Tabitha wa Njoro anamsalimu Josphat Rono wa kiwanda cha chai Kericho, na ujumbe wake ni: Sikiliza maneno.

Kisha wimbo ukaanza. Mwanamke anaimba polepole sana, nyuma yake fidla nyingi za okestra, na kwaya inayougua kama watu waliokaa matangani. Anamwambia mwanamume aliyesimama langoni kwake kwamba ama aingie ndani ama aende kwao. Maneno ndiyo hayo tu, yanarudi na kurudi.

Wenzangu walinipiga mgongoni kwa furaha. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nilimwona msichana yule amekaa dirishani, anateseka kwa ajili yangu. Jioni ile ile nikamwandikia barua ya kurasa nne. Nilimwomba msamaha kwa kumliza. Nikamwambia wimbo ule nitaubeba mpaka mwisho wa maisha yangu.

Mwaka uliofuata tukaoana.

Kila sikukuu ya ndoa yetu, miaka arobaini na minne, niliupiga wimbo ule baada ya chakula. Tabitha alikuwa akiweka mkono begani kwangu na kuinamisha uso. Niliamini anazuia machozi. Sikuwahi kumuuliza.

Jumamosi iliyopita ndipo nilipotafuta kanda yenye wimbo huo, ili Chebet, binti yetu, aurekodi kwenye simu. Tabitha alikuwa na kanda nyingi. Alizipanga kwenye masanduku matano ya viatu juu ya kabati la ngazini, kila sanduku na karatasi yenye mwandiko wake. Wa milimani. Wa baa. Wa okestra. Wa wenye nywele ndefu. Wa kofia mpya. Miaka yote nilipita mbele ya masanduku hayo kwenda kuchukua pasi, nikadhani ni tabia ya kinesi tu, kwamba hata kanda lazima zilazwe kwa wodi.

Chini ya sanduku la kwanza palikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani yake Tabitha wa usichana wake aliandika kila kadi ya salamu aliyotuma redioni. Nani, wapi, ujumbe gani, wimbo gani. Shangazi yake. Mwalimu wake. Kaka yake aliyekuwa jeshini. Ukurasa wa nne nikakuta jina langu.

Rono, kiwandani Kericho. Ujumbe: Sikiliza maneno. Wimbo: ule wa langoni, wa zamani, wa dada wawili na fidla. Si ule wa okestra.

Hayo ya mwisho aliyapigia mstari mara mbili.

Nilikaa pale pale kwenye ngazi kwa muda, nikiyasoma upya kama risiti ya kitu nisichokumbuka kununua.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata Mama Kiptoo. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama, na alisoma unesi na Tabitha Nakuru, bweni moja. Nilimwonyesha daftari. Alianza kucheka, kisha akauona uso wangu akaacha.

"Keti, shemeji."

Nikaketi.

"Ule wimbo wa zamani ni wa mbio," akasema. "Wa kucheza. Hao dada wawili wanamcheka mtu aliyeganda langoni kama ng'ombe aliyesahau zizi. Tabitha alikuwa ameulizia jina lako harusini, akatuambia habari zako bwenini, na sahani yako tupu. Akasema, huyu nitamtumia wimbo, akisikia atajicheka mwenyewe na atakuja. Jumapili hiyo tulikuwa wasichana wanane juu ya redio moja, tumeshajiandaa kucheka."

"Halafu?"

"Halafu zikaja zile fidla za matanga. Mwenzio alirusha ndara ukutani. Akasema mtangazaji amemtia kilio asichokuwa nacho, sasa yule kijana ataona ametumiwa salamu na mjane."

Nikamuuliza kuhusu barua yangu, kama aliwasomea.

"Ukurasa wa kwanza alitusomea, Baba Chebet, na tulicheka, sikufichi. Wa pili akanyamaza. Akaenda nayo nje. Aliporudi akasema, huyu asiambiwe. Na nyinyi msimwambie."

"Na miaka yote hii?"

"Ungefurahi kuambiwa?"

Alinifungia chapati kwenye karatasi, nikaondoka nazo.

Usingizi wa siku hizi mbili haukuwa usingizi. Nimekuwa nikijiuliza kitu cha kijinga kwa mzee wa umri wangu. Nilimpenda msichana aliyekuwa analia dirishani. Msichana huyo hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa amejaza bweni kicheko na kurusha ndara. Je, huyo wa pili alikaa nami kwa furaha, au alikaa kwa sababu aliona huruma kumvunja moyo mtu wa kurasa nne?

Na Jumamosi nipige wimbo upi mbele ya watu wake?

Leo asubuhi nikaenda Walthamstow. Kanda kadhaa za Tabitha zina kibandiko cha meza moja ya soko la huko, na nakumbuka baadhi ya Jumanne zake za mapumziko alikuwa akienda Walthamstow kununua vitambaa. Vitambaa alileta kweli, sisemi alidanganya. Nilipanda treni mpaka Victoria, kisha ile ya chini ya ardhi mpaka mwisho wake.

Mwenye meza ni mzee wa Kihindi anayeitwa Bwana Kanti. Alizaliwa Nakuru, baba yake alikuwa na duka la santuri huko, na sasa anaishi Stanmore na mwanawe ila siku mbili kwa wiki hutoroka kuja kuuza santuri na kanda za zamani. Alijua mimi ni wa wapi kabla sijamaliza salamu, akanijibu kwa Kiswahili.

Nilimwambia natafuta kantri.

"Kantri gani, bwana? Iko ya kucheza, iko ya kulewa, iko ya kulia. Hii kabila kubwa."

Nikasema ya zamani. Akaniuliza nadhani ya zamani ni ipi. Nikamweleza ile laini, ya okestra na kwaya. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari wa meno.

"Nyinyi wote wa milimani makosa ni hiyo moja. Wakati redio inaingia kwenu, Marekani ilikuwa ishabadilisha muziki. Nyinyi mlipata mtoto, mkafikiri ni babu."

Akanipa kiti chake akasimama yeye, na hakuna mteja aliyemkatiza. Alisema mwanzo ulikuwa ni watu maskini wa milimani, Wazungu waliovuka bahari na fidla zao, na banjo, ala ya nyuzi ambayo ilitoka Afrika na watumwa, na walipigiana majumbani ili watu wacheze baada ya kazi. Hakuna aliyeimba vizuri, na haikuwa shida. Baadaye redio ikawachukua, sinema zikawavika kofia za wachunga ng'ombe hata wale wasiowahi kumgusa ng'ombe. Kisha watu wakahamia mjini kwenye viwanda, muziki ukaingia baa, na kwa kuwa baa zina kelele wakatia gitaa la umeme, na lile gitaa la kulaza linalopigwa kwa kipande cha chuma, linalolia kama paka. Nyimbo zikawa za pombe na talaka.

"Halafu wakubwa wa kampuni wakaona vijana wamekimbilia roki," akasema. "Wakasema, toa fidla, toa chuma, leta okestra, leta kwaya, vaa suti. Tuuze kwa mama wa mjini. Hiyo ndiyo ilifika Kericho."

"Lakini umesema walitoa fidla. Okestra ni fidla tupu."

"Chombo kile kile, bwana. Tofauti ni mpigaji amevaa viatu gani."

Waliofuata, alisema, walikuwa wenye nywele ndefu wa Texas, waliokataa suti na okestra. Kisha muziki ukawa laini tena, kisha wengine wenye kofia mpya wakaurudisha nyuma, kisha ukajaa viwanja vya mpira na ngoma kubwa. Kila baada ya miaka kadhaa mtu anasimama na kusema huu sasa si kantri. Mtoto wake naye anasema hivyo hivyo juu ya mwingine.

Nilizihesabu kichwani. Milimani, baa, okestra, nywele ndefu, kofia mpya. Ni yale masanduku matano juu ya kabati langu. Nimelala chini ya historia yote hiyo bila kuijua.

Ndipo nikamtajia wimbo wa langoni, wa dada wawili. Bwana Kanti akavua miwani.

"Wewe ndiye mzee wa okestra?"

Nikamuuliza ana maana gani.

"Yule nesi. Miaka na miaka aliniulizia huo wimbo. Hakuna anao. Halafu siku moja nilinunua santuri za nyumba ya marehemu mmoja, na ilikuwamo. Nilipompigia hapa mezani, alicheza, bwana. Na mkoba mkononi. Nikamwambia chukua santuri. Akasema hapana, nirekodie kwenye kanda, nyumbani nina mzee wa okestra, akiisikia hii atafikiri nilimcheka."

Kisha akaniuliza nesi mwenyewe yu hali gani.

Nikamwambia. Alizima redio yake ndogo, akakaa juu ya kreti la santuri, akashika mkono wangu. Baadaye akaniambia pole sana, na kwamba kanda ni ya kijani, haina jina.

Nikiri jambo hapa, kwa kuwa ni hapa tu ninapoweza. Katika treni ya kurudi nilimwonea wivu mzee wa miaka themanini. Yeye alimwona mke wangu akicheza wimbo ule. Mimi nina mkono begani na uso ulioinama.

Si kwamba hatukucheka nyumbani. Tulicheka. Alinicheka siku nilipobana mfuniko wa sufuria kwa spana. Alicheka Chebet alipozaliwa na masikio yangu. Lakini leo nimekumbuka kitu kingine. Nilipokuwa nikipiga nyimbo zangu laini naye yuko kwenye ubao wa pasi, vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikigonga ubao, haraka, haraka kuliko wimbo. Niliwahi kumuuliza kama anachelewa kazini. Akasema hapana.

Kanda ya kijani ilikuwa ya mwisho katika sanduku la milimani. Niliitia kwenye redio ya jikoni nikasimama mbele yake.

Siupendi.

Naandika ukweli. Unakwenda mbio mno. Banjo ni kama mvua ya mawe juu ya mabati. Hao dada wanaimbia puani, na fidla inakwaruza kama breki iliyokwisha. Maneno ni yale yale, neno kwa neno: ama ingia ama nenda kwenu. Ila humu hakuna anayelia. Mmoja wao anashindwa kujizuia baada ya ubeti wa pili, anacheka kweli kweli, na mwenzake anaendelea peke yake. Halafu wimbo umekwisha. Haufiki hata dakika tatu.

Niliurudisha nyuma mara nne. Mara zote nilichelewa. Kicheko kilikuja kabla sijajua kuna kitu cha kuchekesha.

Swali ambalo nimelikwepa tangu Jumamosi likanijia. Kama mtangazaji yule angepiga huu, mbele ya wale wanaume kumi, ningemwandikia barua? Najijua. Ningejifungia chumbani kwa aibu mwezi mzima. Tusingeoana. Kwa hiyo nimshukuru mtangazaji aliyekosea? Na nikimshukuru, si ndiyo kusema nimefurahi kwamba Tabitha hakusikika?

Na yeye, alipofika ukurasa wa pili wa barua yangu akatoka nje, aliona nini mle? Mama Kiptoo hajui. Daftari halisemi. Wa kujibu ni mmoja tu.

Jioni nilimpigia Chebet. Yuko Leeds, atakuja Ijumaa. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba wimbo wa Jumamosi umebadilika, nikamwekea simu karibu na redio ausikilize. Alinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, akasema huu ni wa kucheza, watu watakuwa wamevaa nyeusi, Mchungaji atashtuka, na mbona mama alikuwa analia kila mwaka na ule mwingine. Akaniuliza kama nina hakika.

Nikamwambia sina.

Nikaongeza kwamba huu ndio aliouomba, na hajawahi kupigiwa. Kwa hiyo apigiwe.

Akaniomba niurudie. Nikaurudia. Baada ya ubeti wa pili nilimsikia Chebet upande wa pili akicheka, pale pale, kwa wakati wake, kama mtu aliyeujua tangu zamani. Nikakaza simu sikioni mpaka alipomaliza.

Watu watatazamana Jumamosi, najua. Sitaweza kuwaeleza yote haya nikiwa nimesimama. Nitasema tu kwamba ni salamu zilizochelewa kufika.

Bado sielewi. Ila kuna siku tatu kabla ya Jumamosi, na redio ya jikoni haina kazi nyingine. Nitausikiliza asubuhi na jioni mpaka nijue mahali pa kucheka.